Kamera ya Kidirisha Chekundu

Wateja waliokuja kupiga picha za pasipoti walikuwa na tabia moja. Wakishachana nywele mbele ya kioo, kwa kile kitana kilichofungwa kamba ili kisitembee, hukaa kwenye benchi kungoja, na macho yao hupanda ukutani, juu ya mashine ya fotokopi. Hapo hukwama. Wengine huuliza. Wengine hukumbuka ghafla kwamba wameacha kitu nyumbani, wakaondoka na wasirudi.

Picha yenyewe haikuwa kubwa. Ilikuwa ya mraba, nyeusi na nyeupe. Mtoto wa miaka mitatu amesimama mbele ya kitambaa cheusi, gauni limepigwa pasi vizuri, soksi moja imeshuka. Nyuma yake kidogo yupo mwanamke mwembamba aliyevaa nguo nyeupe, na mkono wake wa kulia uko juu ya bega la kushoto la mtoto. Ukisogea karibu unaona kwamba mkono haukulala juu ya bega. Umezama, kama kidole kilichobonyeza unga uliokandwa. Na ukikazia macho zaidi unaona mshono wa kile kitambaa cheusi ukipita katikati ya kifua cha mwanamke, kana kwamba kifua hakipo.

Mtoto yule ndiye binti aliyekaa kaunta. Tangu udogoni walimwita Kimya, kwa sababu ukimuuliza maswali matatu alikujibu moja, tena kwa kichwa. Mwanamke alikuwa mama yake. Na siku picha ile ilipopigwa, mama yake alikuwa na miaka miwili kaburini.

Baba yake, mpiga picha, hakuwahi kulisema jambo hilo wala kulikana. Watu walimjia na saa za marehemu wao, na kanzu zao, na miwani yao, wakamsihi avipige picha ili hao marehemu nao watokee. Aliwarudisha wote. "Mimi napiga waliokuja," aliwaambia, na kuendelea kukata picha kwa wembe.

Basi Kimya akakua na ule mkono. Hakubeba mkoba kwenye bega la kushoto. Kitandani alilalia ubavu wa kulia. Akipita kwenye mlango mwembamba alijibana upande mmoja, kama mtu anayempisha mwenzake. Alipoacha shule darasa la sita ili akae studio, sababu waliyoisema watu ni miguu ya baba iliyovimba, na ni kweli ilivimba. Lakini sababu yake mwenyewe alibaki nayo moyoni. Shuleni mama hakuwepo. Studio alikuwepo.

Sasa baba naye alikuwa amekwenda, huu ukiwa mwezi wa nne tangu azikwe. Aliacha watoto wawili, na kabatini aliacha kamera mbili za zamani, za aina moja, zile za umbo la kisanduku zenye macho mawili, moja juu ya jingine, ambazo ukizitumia unainama kama anayechungulia kisima. Wosia wake kuhusu kamera ulikuwa sentensi moja: kila mtoto achukue moja, na binti achague kwanza.

Kaka alikuwa na miaka thelathini na moja, fundi wa vigae, mrefu, mdomo haufungi. Watu walitania kwamba maneno yote ya nyumba ile aliyachukua yeye, ndiyo maana mdogo wake hakubakiwa na kitu. Kamera hakuitaka. Aliitafutia mnunuzi kabla hata hajajua atapata ipi, na mnunuzi akaja siku ya Jumanne mchana, mzee nadhifu mwenye kitambaa laini mfukoni, ambaye kazi yake maishani ilikuwa kukusanya kamera za zamani. Kaka alimwita Mkusanyaji, na yeye akalipenda jina.

"Hizi ni ndugu," alisema Mkusanyaji alipozipanga juu ya kaunta, "lakini si pacha. Binti, baba yako alikueleza tofauti yake?"

Kimya akatikisa kichwa.

"Huyu hata salamu huwa anazipunguza," Kaka alisema. "Wewe eleza tu, mzee."

Mkusanyaji akaigeuza ya kwanza. Mgongoni ilikuwa imebandikwa utepe mweusi wa umeme. Akaubandua ukingo wake kwa ukucha, na chini yake pakaonekana kidirisha kidogo chekundu, duara, ukubwa wa kifungo cha shati.

"Hili ni toleo la kwanza. Walitengeneza kwa mwaka mmoja tu, halafu wakaacha. Filamu yake ina karatasi mgongoni, imeandikwa namba. Unazungusha kwa mkono, unachungulia hapa, ukiiona namba umefika. Sasa ubaya wake ni huu: ukisahau kuzungusha, kamera haikwambii kitu. Utapiga tena palepale. Umempiga bibi harusi asubuhi, mchana umempiga mbuzi, ukisafisha picha unakuta bibi harusi ana pembe."

Kaka akacheka. Kimya hakucheka.

"Watu wakalalamika," Mkusanyaji akaendelea, akaivuta ile nyingine. "Ndipo wakatoa toleo la pili. Hii hapa wameitia akili. Ukishapiga, kitufe kinajifunga, hakibonyezeki mpaka uzungushe huu mkono wa pembeni. Kidirisha hakuna, hakihitajiki. Kwa kazi, hii ni bora mara kumi. Kwa mkusanyaji, naitaka ile yenye ubaya."

"Kwa hiyo hii ya pili," alisema Kimya, na Kaka akageuka kumtazama kwa mshangao, "haiwezi kuweka watu wawili wa nyakati mbili kwenye picha moja?"

"Hata uiombe kwa machozi."

Mkusanyaji alifuata macho ya yule binti mpaka ukutani. Akasogea, akavaa miwani, akaitazama picha kwa muda mrefu. Aliporudi sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Ile ilipigwa na ipi?"

"Baba alitumia zote mbili," Kaka alijibu haraka. "Nani ajue? Mzee, fungua basi hiyo ya kwanza uitazame ndani, tumalize."

"Kuna filamu ndani. Namba moja inaonekana hapa. Hajaanza hata kuipiga." Mkusanyaji alirudisha utepe mahali pake. "Nitaifungua, ndiyo, sinunui mbuzi kwenye gunia. Lakini achague kwanza mwenye kuchagua."

"Chagua basi," Kaka alimwambia mdogo wake. "Ile ya akili si ndiyo nzuri? Chukua ile ya akili."

Kimya akasema kesho. Mkusanyaji akasema kesho saa nne hana neno. Kaka akakubali shingo upande.

Walipoondoka, alibaki amesimama katikati ya zile kamera mbili kama mtu aliyeambiwa achague mzazi. Jambo lilikuwa wazi, na uwazi wake ndio uliomtisha. Kama iliyoipiga ile picha ni kamera ya pili, basi mama alikuja kweli. Alisimama, akanyoosha mkono, akauweka. Kama ni ya kwanza, basi kulikuwa na mkao wa mama uliobaki ndani ya kamera tangu akiwa hai, baba akasahau kuzungusha filamu, na yeye Kimya amelalia ubavu mmoja miaka ishirini kwa sababu ya usahaulifu.

Njia ya kujua ilikuwepo, na ni watu wa studio ile peke yao walioijua. Baba alikuwa na mazoea ya kazi. Kila kamera aliyoinunua aliifungua tumbo, na kwenye ule mkato wa chuma ambao filamu hulalia, alichonga alama kwa tupa ndogo ya kunolea. Kamera ya kwanza alama moja, ya pili alama mbili. Basi kila negativu, ile filamu yenyewe ikishasafishwa, ilikuwa na kijino kimoja au viwili pembeni, na siku ikitokea na mkwaruzo baba alijua ni kamera ipi ya kupeleka kwa fundi. Kwenye picha iliyosafishwa pembe hukatwa. Kwenye negativu jino hubaki.

Alifunga kaunta, akaingia kwenye kilichokuwa chumba cha giza, ambacho sasa kiliwekwa karatasi za fotokopi. Negativu za baba zilikuwa kwenye bahasha, bahasha kwenye maboksi ya viatu, kila boksi na mwaka wake. Akatoa boksi la mwaka wa ile picha. Akatazama bahasha moja moja dirishani: harusi, ubatizo, wanafunzi waliohitimu, mtu na baiskeli mpya. Yake haikuwepo. Akarudia tena toka mwanzo. Haikuwepo.

Jua lilikuwa limeanza kuingia kwa upande wa benchi alipokumbuka kwamba katika maisha yake yote hajawahi kuishusha ile picha ukutani. Alikuwa ameifuta vumbi mara elfu, ikiwa imening'inia. Alipanda juu ya kiti na kuishusha. Nyuma yake ukuta ulikuwa mweupe, mraba msafi. Akang'oa vijisumari vya fremu kwa kisu cha kukatia picha, akaondoa kadibodi, na katikati ya kadibodi na picha kulikuwa na kikaratasi chepesi kilichokunjwa mara nne, na ndani yake negativu.

Aliinua negativu kuelekea dirishani. Katika negativu kila kitu kimegeuka. Kitambaa kilikuwa cheupe kama maziwa, gauni lake jeusi, na mama alikuwa kivuli cheusi chenye meno meusi, kinamtazama. Kimya alishusha macho pembeni, akahesabu.

Jino moja.

Akakaa sakafuni. Hakulia. Baada ya muda alinyanyuka, akachukua mkoba wake kwenye msumari, na kwa mara ya kwanza akautundika kwenye bega la kushoto. Mkoba ulikaa. Haukuteleza, haukusukumwa, hapakuwa na yeyote wa kuusukuma. Hapo ndipo alipolia.

*

Asubuhi hakwenda studio. Alikwenda kwa shangazi yake, dada wa baba, aliyekuwa mshonaji wa sare za shule na aliyekaa kaunta ya studio kabla Kimya hajazaliwa. Alimkuta kwenye cherehani, pini tano mdomoni, sketi za bluu zimerundikana hadi magotini.

"Umekuja na mguu gani, mwanangu?" shangazi alisema bila kutoa pini. "Wewe kunitembelea siku ya kazi? Kuna mtu amekuchumbia?"

Kimya aliweka negativu juu ya cherehani. "Shangazi, baba alisahau kuzungusha filamu."

Shangazi akatema pini kiganjani, moja moja. Aliitazama ile negativu bila kuigusa.

"Nani amekwambia alisahau?"

"Ina jino moja. Ni kamera ya kwanza. Ni kosa."

"Ndugu yangu yule asahau? Yule aliyekuwa akijua kiberiti kimebaki vijiti vingapi?" Shangazi alicheka kidogo, kicheko kikaishia njiani. "Kaa hapo. Sogeza hizo sketi. Nilikula kiapo kwa baba yako nisiseme, lakini yeye ameshakwenda, na sijui kiapo kinabaki kwa nani."

Kimya akakaa.

"Ulikuwa na miezi tisa. Mama yako alishaambiwa na daktari kwamba haponi, na mwenyewe alijiona. Siku moja akamwambia baba yako, huyu mtoto hatanikumbuka hata kucha. Nataka picha naye akiwa mkubwa. Baba yako akasema, mke wangu, nitaipigaje? Akamwambia, wewe ndiye fundi. Ile kamera yako mbovu inayochanganya watu, siku zote unailaani. Leo ichanganye."

Mashine ya jirani ilinguruma, ikanyamaza.

"Mimi nilishona kitambaa cheusi. Hakikutosha, nikaunga vipande viwili, ndiyo huo mshono. Mama yako akasimama, tena kwa shida, nilikuwa nimemshikilia kiuno mpaka dakika ya mwisho. Akanyoosha mkono hewani. Lakini mkono wa hewani unajulikana, mwanangu, unakaa kama wa mtu anayetafuta swichi gizani. Baba yako akasema hapana, unahitaji bega. Akaitwa kaka yako. Alikuwa na miaka tisa. Akakalishwa kwenye kiti kidogo, mama yako akamwekea mkono begani, vidole vikajikunja vizuri. Kisha akaambiwa, toka taratibu, mama asitikisike. Akatoka. Mkono ukabaki vile vile, juu ya hewa. Baba yako akapiga."

"Na mimi?"

"Wewe ulikuwa mgongoni kwangu, unanivuta nywele. Filamu ile baba yako aliirudisha mwanzo gizani, akaifungia kwenye mkebe. Ulipofika miaka mitatu akaipakia tena, akatundika kitambaa kilekile, akakusimamisha palepale. Mkono ukazama kidogo, ndiyo. Ulikuwa umekua kuliko walivyokisia. Alivyoisafisha na kuona, alikaa mle chumbani mpaka nikadhani amezirai."

Kimya aliigeuza negativu mikononi. Kulikuwa na kitu kinamrudia begani, hakuwa na hakika ni nini.

"Shangazi, umesema filamu ile. Zilikuwa ngapi?"

Shangazi akaanza kuzipanga pini kwenye mto wake. "Mbili. Ya pili ilikuwa ya utu uzima wako. Kaka yako alipandishwa juu ya kreti la soda ili bega lifike. Akaambiwa tena, toka taratibu. Safari hii alikataa, maskini. Alimng'ang'ania mama yake nguoni. Ikabidi nimbebe." Akaichomeka pini ya mwisho. "Ulipotimiza miaka kumi na minane baba yako aliipakia kwenye kamera. Mwakani, akasema. Kila mwaka, mwakani. Nilimwuliza unangoja nini? Akaniambia, dada, nikishaipiga hiyo atakuwa ameisha."

"Imo ndani ya kamera."

"Namba moja. Mama yako yumo humo, amenyoosha mkono."

Saa ya ukutani kwa shangazi ilisema saa nne kasoro dakika kumi. Kimya alisimama na sketi zikamwagika.

*

Hakuwa mtu wa kukimbia barabarani. Siku ile waliomfahamu walimwona akipita mbele ya duka la vipuri, mbele ya kinyozi, kanga imelegea, hamsalimu mtu. Kichwani alikuwa na kitu kimoja: mgongo wa kamera unafunguka, mwanga unaingia, na mwanamke aliyesimama gizani miaka ishirini na mbili anafutika kabla hajajua ni nani aliyefungua mlango.

Mlango wa studio ulikuwa wazi. Kaka alikuwa na funguo zake. Mkusanyaji alikuwa ameiweka kamera ya kwanza kifuani, utepe ameshauondoa, kidole gumba kimekaa juu ya kifungio. Kaka alisimama pembeni, mikono mfukoni, anatazama sakafu.

"Usifungue."

Sauti ilitoka kubwa kiasi kwamba mwenyewe alitaka kugeuka aone nani amesema. Mkusanyaji akainua kidole.

"Kaka yako amesema umechagua ya pili."

"Sijachagua."

"Ni filamu tupu, Kimya," Kaka alisema. "Namba moja. Hujaona?"

"Ulisimama juu ya kreti," Kimya alimwambia.

Kaka akatoa mikono mfukoni. Mkusanyaji aliwatazama, akaiweka kamera kaunta kwa mikono miwili, polepole, kama anayelaza mtoto. Akasema anakwenda kununua gazeti, na kwamba gazeti lenyewe linauzwa mbali kidogo.

Waliposikia hatua zake zimeisha, Kaka alikaa kwenye benchi la wateja. Magoti yake yalipanda juu kama ya mtu mzima kwenye dawati la mtoto.

"Shangazi amesema," alisema.

"Wewe ulijua imo."

"Nilijua."

"Na ulitaka aifungue."

"Nilitaka mwanga uingie, basi, yaishe." Alisugua uso kwa viganja vyake vyenye saruji kwenye kucha. "Usinitazame hivyo. Unajua mimi nina picha ngapi na mama? Mbili. Zote nimebebwa kama furushi. Sauti yake nimeisahau. Uso naukopa kwako hapo ukutani. Kitu kimoja tu ninacho, ule mkono hapa, una joto la homa, halafu unanyanyuka. Mara mbili. 'Toka taratibu, baba, hii ni ya mdogo wako. Wewe utanikumbuka.' Ndivyo alivyoniambia. Sasa nakumbuka nini? Nakumbuka kutolewa."

Kimya aliangalia ukuta, kama kawaida yake, lakini leo ukuta ulikuwa na mraba mweupe tu. Picha ilikuwa bado juu ya kaunta, imelala kifudifudi. Aliifikiria ile soksi iliyoshuka. Siku zote alidhani kwamba pale mbele ya kitambaa cheusi walikuwa watu wawili, na mmoja ni mzimu. Kumbe walikuwa watatu. Watatu, na mmoja ametolewa nje ya picha akiwa hai.

Mkusanyaji aliporudi, gazeti hana, alimkuta binti amesimama mlangoni akimngoja.

"Nimechagua, mzee. Nachukua ya kwanza."

Mzee alikuna shingo. Ilimuuma, ilionekana. "Basi mimi nitamnunulia kaka yako ya pili, japo nilikuja kwa nyingine." Kisha, kwa sauti ya mtu wa kazi, "Kuna mtu kwenye ile filamu?"

"Yupo."

"Miaka mingi?"

"Ishirini na mbili."

"Inaweza kuwa ukungu mtupu. Usinilaumu. Na mkitaka kumsimamisha mwingine naye, kamera haijui nani alisimama wapi. Mkikosea kiganja kimoja, mkono utaning'inia kama nguo kwenye kamba. Anahitajika mtu aliyekuwepo."

Kimya akamgeukia kaka yake.

*

Mahali pa kupigia picha palikuwa nyuma ya pazia. Sakafu yake ilikuwa ya saruji iliyopasuka. Kaka alikuwa ametandika vigae nusu ya mtaa ule, na mara tatu alimwomba baba yake amtengenezee pale bure, na mara tatu baba alikataa bila kueleza. Sasa alipiga magoti akapapasa kwa vidole. Vishimo vitatu vya miguu ya stendi vilikuwepo, vimejaa vumbi. Akaviparua kwa bisibisi. Kimya alileta kitambaa cheusi kutoka kabatini, kimeliwa na nondo kwenye pindo, mshono wa shangazi bado umekaza, na wakakitundika kwenye misumari ileile.

"Kreti lilikaa hapa," Kaka alisema. "Kona kwenye huu ufa. Mama alikuwa huku, kulia kwako wewe unayepiga. Bega lilifika usawa wa swichi ya taa. Nakumbuka kwa sababu niliitazama ile swichi ili nisilie." Alinyanyuka. "Haya, njoo usimame. Wewe unaifikia bila kreti. Mimi nitabonyeza, nionyeshe tu pa kubonyeza."

Kimya alikuwa ameshaifunga kamera juu ya stendi. Hakusogea.

"Simama wewe," alisema.

"Nini?"

"Simama hapo."

"Acha mchezo. Hiyo ni yako. Alisema ni yako."

"Yangu ninayo. Nimekaa nayo miaka ishirini, mpaka bega limepinda."

"Kimya, yule alisimama pale anakufa, kwa ajili yako. Filamu ni hiyo moja. Hakuna nyingine."

"Najua."

"Shangazi atatuua."

"Atakuua wewe. Mimi huwa hanisemi."

Kaka alicheka kidogo. Akatazama ule ufa sakafuni kama mtu anayetazama maji asiyojua kina chake.

"Aliniambia nitoke," alisema.

"Alikwambia utoke, ukatoka. Sasa mimi nakwambia ingia."

Aliingia. Alifuta viatu kwanza kwenye suruali, kimoja kisha kingine. Akasimama kwenye ufa, na kwa kuwa alikuwa mrefu sana alitanua miguu, kidogo kidogo, mpaka bega la kushoto likashuka usawa wa swichi. Hakujua pa kuweka mikono. Kimya alimwambia aiache ining'inie.

Akainama juu ya kamera. Ndani ya kile kisima cha kioo kaka yake alionekana mdogo, amegeuzwa upande kama kwenye kioo cha kunyolea, na pembeni yake kulikuwa na weusi mtupu, mpana wa kutosha mtu mmoja. Kimya aliutazama ule weusi muda mrefu. Hakuona kitu. Lakini alijua kwamba mahali pale si patupu.

Alibonyeza. Kamera ilitoa sauti ndogo, kama mtu aliyegongesha ulimi kwenye meno.

Kaka hakusogea. Miguu yake iliyotanuka ilianza kutikisika kwa uchovu, jasho lilishuka kwenye shavu, na hakulifuta. Macho yake yalikuwa mbele, kwenye lenzi, wala hayakuthubutu kugeukia begani.

"Ameshautoa mkono?" aliuliza polepole.

Kimya hakuinua kichwa kutoka kwenye kamera.

"Bado," alisema. "Kaa hivyo hivyo."